Je, wajua kwa nini mfupa hushikamana na titani?

Jino la kupandikiza halishikwi tayani kwa gundi wala saruji. Mzizi wake ni skrubu ya metali iitwayo titani, na kinachoishika ni mfupa wenyewe.

Jambo hili liligunduliwa bila kutafutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mjini Lund, Sweden, daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa ulio hai. Alipachika kifaa kidogo cha titani kwenye mguu wa sungura, akawa anachungulia kwa hadubini. Alipotaka kukitoa akitumie tena, kiligoma. Mfupa ulikuwa umekikumbatia.

Kwa kawaida mwili ukikuta kitu kigeni hukizungushia utando wa kovu, nacho hubaki kikilegea humo. Titani ina siri yake: ikigusa hewa tu, hujivika tabaka la oksidi, yaani titani iliyoungana na oksijeni, lenye unene wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache. Mwili hugusa tabaka hilo, si metali tupu. Tabaka hilo halishiki kutu. Protini za damu hulinata, kisha seli zinazojenga mfupa hutambaa juu yake na kuweka mfupa mpya, kama zinavyoziba ufa wa mguu uliovunjika.

Ila seli hizo ni nyepesi kudhurika, na hapa ndipo ninapostaajabia kazi ya mtaalamu. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika 1 tu, huanza kuumia, ndiyo maana keekee hupozwa kwa maji muda wote wa kutoboa. Skrubu nayo haitakiwi kuchezacheza. Ikitikisika, pale panapotakiwa mfupa huota kovu. Kwa hiyo mara nyingi mgonjwa husubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kuvikwa jino lenyewe, kama vile mkono uliovunjika unavyotulizwa ndani ya hogo.

Mwaka 1965 Brånemark aliweka skrubu hizo kwa mara ya kwanza katika taya la mgonjwa. Baadaye njia hiyohiyo ikafika mkononi: nchini Sweden, watu waliokatika kidole gumba walichomekewa nguzo ya titani ndani ya mfupa uliobaki, kisha wakavikwa gumba bandia juu yake. Ajabu ni kwamba wanapokigusa kitu kwa gumba hilo lisilo na ngozi wala neva, mtikisiko hupita kwenye titani hadi mfupani, nao huhisi wamekigusa.