Majimoto hawali maembe

Wakulima wengi wa Pwani huamini kuwa majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani kuwa viota, huharibu miembe na mikorosho, kwa hiyo huwachoma au kuwapulizia dawa. Kuuma wanauma, siku ya kuchuma utajuta. Tena hulinda vidudu fulani vinavyofyonza utomvu. Lakini chakula chao kikuu ni wadudu wenzao. Humwinda mbu wa mikorosho, ambaye si mbu wa kawaida bali mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho, na nzi wa matunda husita kutaga mahali wanapopita. Uchina, ndugu zao wamewekwa kwenye michungwa kwa zaidi ya miaka 1,500.

Simama chini ya mti asubuhi, utazame wanachoburuta kwenda kiotani: mabawa, miguu, kiwavi mzima. Halafu okota maembe kumi chini ya mti wenye majimoto na kumi chini ya usio nao, uyapasue, uhesabu yenye funza.