Mbegu ya kiume haibebi DNA tupu

Kuna imani ya siku nyingi kwamba mbegu ya kiume ni kichwa kilichojaa DNA na mkia wa kuogelea, basi. Mkia upo kweli. Lakini DNA hiyo haiko uchi hata kidogo.

Katika seli nyingine za mwili, DNA huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye vigurudumu. Mbegu inapokomaa ndani ya korodani, histoni nyingi huondolewa, zikafuatwa na protini za mpito, kisha protamini. Hizi ni ndogo na zimejaa arjinini, asidi ya amino yenye chaji chanya; DNA ina chaji hasi, kwa hiyo zinashikana barabara. Kiini husinyaa, na jeni karibu zote hunyamaza. Mwanasayansi wa Uswisi, Friedrich Miescher, alizitambua protamini mwaka 1874, kwenye mbegu za samaki aina ya samoni.

Wengine, hata waliosoma baiolojia, hudhani histoni hufutika zote. Sivyo. Kwa binadamu hubaki takriban asilimia 5 hadi 15, na baadhi yake hukaa kwenye jeni zinazohitajika kiinitete kinapokua. Iwapo histoni hizo zilizobaki humwongoza mtoto, na kwa kiasi gani, bado ni mjadala. Wanaotangaza kwamba tabia za baba hurithiwa kwa njia hiyo wanakimbilia mbali mno.

Mbegu ikishaingia kwenye yai, protamini hung'olewa ndani ya saa chache, na histoni za mama huchukua nafasi.