Kabla hujasema kipima unyevu ni kibovu, angalia ulivyokichomeka

Malalamiko yamekuwa mengi hapa maabara, mtu analeta kipima unyevu wa udongo cha umeme anasema kibovu, jana kilisoma asilimia 12 leo 30 na mvua haijanyesha. Tukikitumbukiza kwenye ndoo ya maji kinasoma vizuri tu, kwa hiyo shida iko shambani.

Jamani hicho kifaa hakioni maji. Kinaangalia udongo unavyopokea umeme, na kwa kipimo hicho (hizi si asilimia za unyevu) maji yana kama 80, udongo mkavu 3 mpaka 5, hewa 1, halafu kifaa ndo kinageuza kuwa asilimia ya unyevu. Sasa ukiacha upenyo wa hewa hata mdogo kama unene wa kucha pembeni ya zile chuma za kifaa zinazoingia udongoni, namba inashuka sana, halafu ukimwagilia maji yanajaa humo humo namba inaruka juu. Kichomoe utazame: chuma ikitoka safi upande mmoja na tope upande mwingine, ujue haikushikwa na udongo.

Kwa hiyo chimba mpaka kina unachotaka, udongo wa hapo hapo toa mawe, koroga na maji uwe kama uji mzito, mimina, kisha sukuma kifaa mara moja kimenyooka, usikitikise-tikise kama unang'oa msumari. Kiache siku kadhaa udongo ukae sawa ndo uanze kuamini namba.

Kuhakiki unahitaji sampuli ya pale pale. Tunatumia kopo la sentimita za ujazo 100, tunapima uzito wa udongo mbichi, tunaukausha kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24, tunapima tena. Ukitoka gramu 165 ukabaki 140, maji ni gramu 25, sawa na sentimita za ujazo 25 kati ya zile 100 za kopo, yaani asilimia 25 ya ujazo. Sampuli iletwe imefungwa isipitishe hewa na kina kimeandikwa, ikija wazi hatuipokei, unarudi kuchota upya, maana maji yameshapotea njiani na jibu litakuwa la uongo.

Na hii ya kusubiri kifaa kisome asilimia 100 ndo shamba limeshiba, hapana, tumeshaieleza mara nyingi mno, udongo wa kawaida ukijaa maji kabisa unaishia 40 au 50 hivi. Tena 25 kwenye kichanga ni maji tele lakini kwenye mfinyanzi mzito mmea unaweza ukawa unanyauka, kwa hiyo ukituletea namba tuambie na aina ya udongo.