Mabango ya filamu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi huamini kwamba bango la filamu ni muhtasari wa hadithi, unaochorwa filamu ikishakamilika. Ukweli ni kwamba tangu mwanzo bango limekuwa chombo cha biashara, na huonyesha kile kinachouzwa. Katika bango alilolichora Marcellin Auzolle kwa ajili ya sinema ya ndugu Lumière wa Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, watazamaji wanaocheka wamepewa nafasi kubwa mbele ya skrini, kwani kilichowavuta watu wakati huo kilikuwa ile ajabu ya picha zinazotembea, wala si kisa chenyewe. Hata yule papa maarufu wa filamu ya Jaws ya mwaka 1975 alichorwa na Roger Kastel kwa ajili ya jalada la kitabu, kisha mchoro huo ukachukuliwa kuitangaza filamu.

Dhana nyingine ni kwamba yale maandishi membamba yaliyobanwa chini ya bango, yanayoorodhesha majina ya walioshiriki kutengeneza filamu, ni pambo tu, au ni kosa la mbunifu asiyemjali msomaji. Hapa inafaa kutulia kidogo, maana maandishi hayo yanaeleza mengi kuhusu kazi ya bango kuliko picha iliyo juu yake. Huko Hollywood, orodha hiyo hutokana na mikataba ya washiriki hao na makubaliano ya vyama vyao, ambayo huamua nani atajwe, kwa mpangilio gani, na jina lake lifikie asilimia ngapi ya ukubwa wa jina la filamu. Kwa kuwa ukubwa huo hupimwa zaidi kwa kimo cha herufi, wabunifu huzirefusha na kuzibana ili masharti yatimizwe bila majina kumeza nafasi ya picha.

Mikataba hiyo ndiyo sababu jina la mwigizaji mara nyingi halikai juu ya uso wake: majina hufuata makubaliano, ilhali nyuso hupangwa kwa jicho la mbunifu. Mwaka 1974, katika bango la filamu ya The Towering Inferno, waigizaji Steve McQueen na Paul Newman wote walistahili majina yao yatangulie. Suluhisho likawa kuliweka jina la McQueen kushoto, na la Newman kulia lakini juu kidogo, hivi kwamba anayesoma kuanzia kushoto humkuta McQueen kwanza, na anayeanzia juu humkuta Newman. Kumlaumu mbunifu kwa mpangilio wa namna hiyo ni kumwonea.

Husemwa pia kwamba bango lisilo na uso wa nyota haliwezi kuvutia. Nchini Polandi, baada ya Vita Kuu ya Pili, usambazaji wa filamu ulikuwa mikononi mwa serikali, kwa hiyo wachoraji hawakubanwa na haja ya kuuza sura za waigizaji, na kazi zao zikapata sifa duniani kote. Hata Hollywood yenyewe, mbunifu Saul Bass aliitangaza filamu ya The Man with the Golden Arm mwaka 1955 kwa alama ya mkono uliopindapinda.

Wapo wanaodhani kwamba mabango ya zamani yalitengenezwa ili yahifadhiwe kama sanaa. La hasha. Nchini Marekani yalikunjwa, yakasafirishwa, yakabandikwa kwa muda mfupi, kisha mengi yakarudishwa kwa msambazaji au kutupwa, na mistari ya mikunjo inayoonekana leo ni alama ya kazi hiyo. Uchache wa yaliyosalia ndio uliopandisha bei: bango la filamu ya Metropolis ya mwaka 1927, kazi ya Heinz Schulz-Neudamm, liliuzwa kwa dola 690,000 mwaka 2005.

Kuhusu madai kwamba intaneti imeliua bango, kilichobadilika ni ukubwa wake na namna ya kumlenga mtazamaji. Mwaka 2017 Netflix, kampuni inayoonyesha filamu kupitia intaneti, ilieleza kwamba huchagua picha ya kuitambulisha filamu kulingana na mambo ambayo mtu amekuwa akiyatazama. Filamu ileile yaweza kuonyeshwa kwa mpenzi wa filamu za mapenzi kupitia picha ya wapendanao, na kwa mpenzi wa vichekesho kupitia uso wa mchekeshaji aliyemo ndani yake, na katika picha hizo ndogo ile orodha ndefu ya majina haimo kabisa.