"Very" haibebi kila "sana": kukoleza sifa kwa Kiingereza

Vijana wanaotembeza wageni Mji Mkongwe, Nungwi na hata kule Misali hupenda kusifu, na ndiyo kazi yao. Shida huja sifa inapotoka kwenye Kiswahili na kuingia Kiingereza. Kijana amesimama ufukweni, anataka kumwambia mgeni kwamba maji ya hapa ni safi mno, anasema: "The water is too clear." Mgeni anakunja uso kidogo na kungoja aambiwe kuna ubaya gani. Samaki hawapo? Kuogelea ni marufuku? Hakuna ubaya wowote. Mwenyeji alikuwa akisifu, tena kwa moyo mkunjufu.

Kosa hili lina chimbuko lake, wala si uzembe. Neno mno katika Kiswahili lina kazi mbili. Ukisema "chai ina sukari mno" unalalamika. Ukisema "bibi harusi kapendeza mno" unasifu, na hakuna atakayefikiri kwamba ungetaka apendeze kidogo. Anayesikiliza huamua mwenyewe, kwa hali ya mazungumzo na sauti ya msemaji. Kiingereza kimezitenga kazi hizo. Kusifu kuna "very". "Too" hutumika pale kitu kilipopita mpaka na kuleta tatizo. Ipo misemo michache inayoonekana kuivunja kanuni, kama "You are too kind" anayoambiwa mtoa zawadi, lakini hata hapo maana ni kwamba wema umezidi stahili ya anayepokea.

Nyuma ya "too" huwa pana jambo linaloshindikana, hata lisipotajwa. Tazama "The tea is too hot to drink." Kiswahili hapa hakihitaji hata hiyo mno, kinageuza kitenzi tu: chai hainyweki. Pweza wa Forodhani aliyekaa motoni hadi akakauka hatafuniki. Mzigo haubebeki, bei haikamatiki. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hicho. Kama unaweza kuweka kitenzi cha namna hiyo kwenye sentensi yako, tumia "too". Kama huwezi, basi unachotafuta ni "very". Maji ya Misali hayana kinachoshindikana: yanaogeleka, yanatazamika, na picha zake zinapigika. Ni "very clear", na mgeni atafurahi.

Sasa tuje kwa "very" yenyewe. Sana yetu ni neno huru. Hukaa baada ya kitenzi (anakimbia sana), baada ya kivumishi (mrefu sana), hata baada ya salamu (asante sana). "Very" huchagua pa kukaa. Hutangulia kivumishi au kielezi, na haikubali kukoleza kitenzi. Ndiyo maana "I very like urojo" haikubaliki. Husemwa "I like urojo very much", au "I really like urojo". Ndiyo maana pia shukrani ni "thank you very much", na "very" haiwezi kubaki mwishoni peke yake. Lakini "karibu sana" anayojibiwa mtu aliyeshukuru ni "you are very welcome", kwa sababu "welcome" hapo ni kivumishi.

Pole sana ni habari nyingine. Kiingereza hakina pole. Mgeni akijikwaa kwenye ngazi, ukimwambia "very sorry", huenda akakujibu kwamba kosa si lako, maana "sorry" kwake mara nyingi ni kuomba radhi. Muulize "Are you all right?" Kwa mfiwa au mgonjwa, "I'm so sorry" ndiyo kauli yao.

Penye kulinganisha, "very" hujiondoa tena. Unguja ni kubwa kuliko Pemba kwa mbali: "Unguja is much bigger than Pemba." "Very bigger" haipo, ingawa kwenye karatasi za mitihani tunakutana nayo kila mwaka.

Vipo pia vitu visivyo na kiasi, na hapa Mswahili ana faida asiyoijua. Hakuna kwetu anayesema "mafuta yamekwisha sana". Yamekwisha kabisa. Hakuna kitu kisichowezekana sana, hakiwezekani kabisa. Tofauti hiyo ya sana na kabisa ndiyo iliyopo baina ya "very" na "completely" au "absolutely". Kwa hiyo "very impossible" na "very excellent" humkera msikilizaji kwa sababu ile ile ambayo "amekufa sana" ingekukera wewe. Neno kama "excellent" limekwisha kolea, huliongezi chumvi.

Utamu zaidi uko kwenye tanakali. Mtoto wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba usiku ni giza totoro, kanzu ni nyeupe pe, mtu aliyekumbwa na mvua ya masika amelowa chapachapa na mchovu amelala fofofo. Kila sifa ina mkolezi wake, wala huwezi kuwabadilisha: hakuna mwenye kulowa totoro. Wengi hudhani Kiingereza hakina utajiri huu, kwamba kina "very" tu ya kupachika popote. Kinao, ila kimejificha. Giza totoro ni "pitch dark". Aliyelowa chapachapa ni "soaking wet", aliyelala fofofo ni "fast asleep", na kitu kipya kabisa, ambacho hata nailoni yake haijatolewa, ni "brand new". Nako huko wakolezi hawabadilishani. "Fast" iliyo hapo haina uhusiano na mbio. Imebeba maana ya zamani ya kushikilia imara. Namshauri mwanafunzi anayetaka insha yake isikike vizuri aache kurudufu "very very very" na ajifunze jozi hizi kumi au ishirini, kwa kusoma na kusikiliza. Kuzitafsiri neno kwa neno hakufai.

Kurudufu nako kuna mtego wake. "Very very" huongeza nguvu tu. Sana sana yetu mara nyingi huweka kikomo: "sana sana atafika kesho" maana yake hatapita kesho. Ukiipeleka Kiingereza, ni "at most" au "at the latest", na "very" haimo kabisa.

Neno "very" lina safari ndefu. Liliingia Kiingereza kutokana na Kifaransa cha zamani, baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066. Huko lilikuwa "verai", yaani kweli, nalo lilitoka kwenye "verus" ya Kilatini. Kabla ya hapo Waingereza walikoleza kwa "swithe", lenye asili ya nguvu, ambalo leo halisikiki tena. Maana ya kweli ilidumu muda mrefu. Katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, Isaka asiyeona anataka kumpapasa kijana aliye mbele yake ajue kama ni "my very son Esau", mwanawe Esau hasa. Neno la ukweli kugeuka neno la kukoleza si ajabu kwetu sisi tunaosema "mzuri kweli" na "fundi hasa". "Really" limepita njia hiyo hiyo. Na "terribly" na "awfully", ambayo zamani yalibeba hofu, yana ndugu zao hapa: pita Michenzani jioni usikie "kapendeza vibaya" na "wamecheza hatari". Hakuna aliyedhurika.

Maana ile kongwe haijafa yote. "The very house" ni nyumba ile ile, na "at that very moment" ni papo hapo. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kurudia kionyeshi: siku ile ile, mtu yule yule. Watembeza wageni wangenufaika na matumizi haya kuliko mengine yote. Mbele ya magofu ya Mtoni, "This is the very place where Princess Salme was born, in 1844" ina uzito ambao "very old palace" haina, maana inamwambia mgeni kwamba anakanyaga pale pale.

Nimeiacha "quite" mwisho kwa sababu hata wenye lugha hawaelewani juu yake. Ikikaa na neno lisilo na kiasi, wote hukubaliana: "quite impossible" ni haiwezekani kabisa. Ikikaa na sifa ya kawaida, Mwingereza mara nyingi huishusha na Mmarekani huipandisha. "The food was quite good" kutoka kwa mgeni wa London huenda ikawa chakula si kibaya, ila hakukisifia nyumbani kwake. Kutoka kwa mgeni wa Chicago huwa ni sifa kamili. Halafu mgeni yeyote akirudi kutoka msitu wa Ngezi anahema na kusema "That was quite a walk!", hasemi mwendo ulikuwa wa wastani. Anasema ulikuwa mrefu, kachoka. Mwenye hoteli anayesoma maoni ya wageni, basi, aangalie kwanza aliyeandika katoka wapi, kisha ahesabu nyota alizotoa, ndipo aamue kama ampongeze mpishi au akae naye wazungumze.