Umri wa mboji ya kinamasi: peleka mbegu maabara, mizizi iache

Katika kinamasi cha mafunjo kama cha Yala, magharibi mwa Kenya, mimea iliyokufa haiozi ikaisha, kwa kuwa maji yameizuia hewa. Hurundikana tabaka juu ya tabaka na kuwa mboji, na kaboni yake hubaki humo. Kujua kaboni hiyo iliwekwa kwa kasi gani, na miaka ipi ilikuwa ya mvua au ya ukame, kunategemea umri wa kila tabaka. Umri huo huharibiwa mara nyingi kabla sampuli haijafika maabara.

Mboji hutolewa kwa keekee ya mkono yenye chemba ya nusu duara, urefu wa sentimita 50. Ncha yake huvuruga udongo ulio chini, kwa hiyo toboa mashimo mawili jirani, vipande vipishane kwa sentimita 10. Kifunge kila kipande kwa nailoni, ukilaze kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa, andika upande wa juu ni upi (husahaulika mno!), kisha kihifadhi kwenye nyuzi 4 za Selsiasi.

Umri hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnunurisho: hupungua kwa nusu kila miaka 5,730, na hupima hadi miaka 50,000 hivi. Mashine za sasa hutosheka na takriban miligramu moja ya kaboni, kwa hiyo hakuna haja ya kupeleka donge zima. Donge hubeba mizizi ya mafunjo iliyopenya kutoka juu, na tabaka huonekana changa kuliko lilivyo. Osha mboji kwenye chekecheo laini, kisha utumie hadubini: mizizi ni myembamba na hukatiza tabaka, mbegu ni ngumu, nyeusi, zina umbo kamili. Chukua mbegu. Makaa nayo hukosea kinyume, maana mti ulioungua huenda ulikuwa na karne mbili tayari.

Miaka ya maabara huhesabiwa kurudi nyuma kutoka 1950, na lazima irekebishwe kwa mkondo wa kalenda, yaani grafu inayoigeuza kuwa miaka halisi. Kaskazini mwa dunia hutumia mkondo wa IntCal20, kusini SHCal20. Magharibi mwa Kenya ikweta inapita katikati na hewa ya pande zote mbili hufika, hivyo changanya mikondo hiyo na utaje uwiano uliotumia.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Sentimita moja ya mboji yenye gramu 0.1 kwa sentimita ya ujazo, nusu yake ikiwa kaboni, ni gramu 500 kwa mita ya mraba. Ikiwa ilichukua miaka 20, ni gramu 25 kwa mwaka. Mizizi ikiifanya ionekane miaka 10, unaripoti 50, maradufu ya ukweli. Usiikamue sampuli ya kupimia uzito. Ujazo ukibadilika, hesabu yote imeharibika.

Penye mifereji ya kukaushia shamba, mboji ya juu huoza na kupotea hewani, kwa hiyo uso wenyewe unaweza kutoa umri wa mamia ya miaka. Usiilaumu maabara. Pima pia risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnunurisho, ambayo hufaa kwa miaka 150 hivi ya karibuni. Ikikosekana kabisa juu, tabaka za karibuni hazipo, na jedwali lako lisianze na mwaka wa leo.