Aleji kali: "mpe Piriton alale" sio matibabu

Jamani tuongee kidogo kuhusu aleji ile kali kabisa, wenyewe wanaiita anafilaksisi, maana mtu akianza tu kuvimba midomo utasikia "mpe Piriton alale" na hapo ndo mambo yanapoharibika.

Vidonge vya aleji vinatuliza muwasho na vipele, basi. Koo likishavimba haviwezi kulifungua, presha ikishashuka haviipandishi, na hata hiyo kazi yao ndogo vinaianza polepole. Hata steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe ambazo watu wanaziamini sana, zinachukua masaa. Dawa ya kwanza ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja, katikati upande wa nje, mtu mzima miligramu 0.5 na mtoto anapimiwa kwa uzito, miligramu 0.01 kwa kila kilo, na zikipita dakika 5 hivi bila nafuu anachomwa tena. Kwa wanaotembea na zile sindano za kujichoma zenye dozi tayari, inapita hata juu ya suruali, usipoteze muda kumvua mtu nguo.

Sasa hapo ndo utasikia "adrenalini si itasimamisha moyo?" na hii hofu ipo hadi kwa baadhi ya wahudumu wa afya, nasema ukweli. Ikichomwa msulini kwa dozi yake mtu atatetemeka, moyo utamwenda mbio, atapauka kidogo, halafu inaisha. Madhara makubwa mara nyingi yanakuja pale inaposukumwa kwenye mshipa wa damu au dozi ikikosewa. Kinachoua ni kuchelewa. Uingereza waliwahi kufuatilia vifo vya aleji wakakuta moyo unasimama baada ya kama dakika 30 kwa waliodhurika na chakula, 15 kwa walioumwa na nyuki au nyigu, na 5 tu kwa waliodhurika na dawa za hospitali. Dakika 5! Hapo utasubiria kidonge kiyeyuke tumboni?

Nyingine: "hana vipele, sio aleji hiyo." Kati ya watu 10 wenye anafilaksisi, mmoja hadi wawili ngozi haionyeshi kitu. Unakuta mtu kakwaruza sauti, kifua kinapiga miluzi, anatapika mfululizo, au mtoto kalegea tu ghafla, na watu wanasema ni pumu au kala kitu kibovu. Uliza alikula nini, alimeza dawa gani, aliumwa na mdudu gani muda mfupi uliopita.

Kuna na wanaosema tusubiri vipimo. Hakuna kipimo cha kusubiri, ugonjwa huu unatambuliwa kwa macho na maswali. Kipo kipimo cha damu cha triptezi, kemikali ambayo mwili unaimwaga wakati wa aleji, damu hiyo ni vizuri ichukuliwe saa 1 hadi 2 baada ya dalili kuanza, ila majibu yakiwa ya kawaida haimaanishi haikuwa aleji. Vya kutafuta chanzo vinakuja baadaye, cha ngozi wiki 4 hadi 6 mbele, na navyo visomwe kwa akili, maana kipimo kikisoma chanya bila mtu kuwahi kudhurika maana yake mwili unakitambua kitu hicho tu, na mimi hapa naona watoto wengi wananyimwa vyakula pasipo haja kwa sababu tu ya karatasi ya majibu.

"Mara ya kwanza ilikuwa kidogo, haitakuwa mbaya." Mwaka 1902 wanasayansi wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, waliwachoma mbwa sumu ya kiumbe wa baharini, wiki chache baadaye wakarudia kwa dozi ndogo wakitegemea mbwa washazoea, mbwa wakafa. Neno anafilaksisi lilitokea hapo, na Richet akapata Nobel 1913.

Halafu tuache kuwainua wagonjwa na kuwatembeza hadi kwenye gari. Presha iko chini, akisimama ghafla moyo unaweza kukosa damu ya kusukuma. Alale chali miguu juu, anayehema kwa shida akae, mjamzito alale ubavu wa kushoto.

Na akipata nafuu asirudi nyumbani hapo hapo, dalili zinaweza kurudi baada ya masaa bila hata kugusa tena kile kitu, kwahiyo abaki hospitali aangaliwe na akiondoka aondoke na sindano zake mbili za kujichoma, sio moja.